KHUDADAD KHAN, ASKARI ALIYEBAKI PEKE YAKE

Vijana wetu wawajua majemadari wa Kizungu wa Vita Vikuu vya mwaka 1914. Lakini ukiuliza barazani Khudadad Khan ni nani, ni wachache watakaokujibu. Nasi twaliona jambo hili kuwa ni hasara, kwani umma usiowajua watu wake mwisho huambiwa kuwa haukupata kuwa na watu.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Dab, upande wa Chakwal, Punjab, ambako leo ni Pakistan. Aliingia jeshi la Mwingereza la Bara Hindi, katika kikosi cha 129 cha Mabulushi, na vita vilipozuka wakavushwa bahari kwenda Ulaya.

Tarehe 31 Oktoba 1914, huko Hollebeke katika nchi ya Ubelgiji, Wajerumani waliwashambulia kwa nguvu nyingi. Bombomu moja ilivunjwa na kombora, na afisa aliyewaongoza akajeruhiwa. Khudadad naye alikuwa na jeraha, lakini hakuiacha bombomu yake mpaka wenzake watano wote wakauawa. Adui alimwacha akidhani amekufa, naye akajikokota mpaka kwa watu wake.

Kabla ya mwaka 1911 askari wa Kihindi hakuwa na haki ya kupewa Victoria Cross, nishani kubwa ya ushujaa ya Uingereza. Mwislamu huyu ndiye wa kwanza wao kuistahiki.

Wiki mbili baada ya siku ile, Istanbul ilitangaza jihadi juu ya Uingereza na wenziwe. Waislamu wa jeshi lile wakawa baina ya kiapo chao na wito wa Khalifa: wako walioasi, kama Singapore mwaka 1915, na wako waliobaki. Basi hatuandiki haya kuusifu ufalme waliouhudumia, bali kuwatambua wanadamu waliotwishwa mzigo huo.

Wala habari hii haiko mbali nasi. Kikosi hicho hicho kililetwa Afrika Mashariki mwaka 1916, katika vita vilivyowamaliza maelfu ya wachukuzi wetu kwa maradhi na uchovu, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Khudadad alifariki mwaka 1971, na jina lake limebaki kwa kuwa liliandikwa. Yatupasa basi kila nyumba iliyotoa mtu katika vita vile iandike jina lake na mji wake, kabla wajukuu wanaolikumbuka hawajaondoka. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Amin.