Askofu Kataliko na Chuo Kikuu cha Graben

Butembo ni mji mkubwa wa Kivu ya Kaskazini. Umejengwa milimani, karibu sana na mstari wa ikweta, lakini hewa yake ni ya baridi. Wenyeji wake wengi ni Wanande, watu wanaojulikana kwa kulima na kwa biashara. Ukienda kaskazini, nchi inashuka kuelekea msitu mkubwa, na huko uko mji wa Beni. Miji hiyo miwili ni ya jimbo moja la Kanisa, jimbo la Butembo-Beni. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 askofu wake alikuwa Emmanuel Kataliko.

Kataliko alizaliwa mwaka 1932 huko Lukole, katika nchi ya Wanande. Alisoma kwa bidii, akapelekwa Roma. Mwaka 1958 akapewa upadre. Mwaka 1966, alipokuwa bado kijana, akachaguliwa kuwa askofu. Yeye alikuwa mzaliwa wa kwanza wa nchi ile kushika kazi hiyo, baada ya askofu mmisionari.

Askofu huyu alizijua shida za watu wake. Palikuwa na shule nyingi za msingi na za sekondari. Lakini kijana aliyetaka kuwa daktari wa watu, au daktari wa wanyama, au bwana shamba mwenye elimu ya juu, aliweza kusoma wapi? Vyuo vikuu vilikuwa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Njia ya Kisangani ilipita katika msitu, nayo ilikuwa mbovu. Kinshasa iko mbali zaidi ya kilomita 1,500. Wazazi wengi hawakuweza kulipa safari, chakula na malazi. Na wale waliokwenda, wengi hawakurudi. Hivyo watu waliugua, ng'ombe wakafa, na mibuni ya Beni ikanyauka kwa ugonjwa, na wajuzi wa kusaidia walikuwa wachache.

Basi mwaka 1989 jimbo la Butembo-Beni likafungua Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Graben ni neno la Kijerumani. Maana yake ni bonde refu lililobonyea katikati ya milima, kama lile bonde lenye ziwa Edward. Wafanyabiashara na wakulima walichanga mali yao. Chuo kile kikawa mmoja wa vyuo vikuu vya kwanza katika nchi visivyo vya serikali. Kwa miaka iliyofuata wanafunzi walisoma huko uganga, kilimo na utabibu wa wanyama, pamoja na sheria na uchumi.

Lakini nyumba si chuo. Chuo ni mwalimu na mwanafunzi. Na walimu watatoka wapi? Maprofesa waliitwa kutoka miji mingine. Walikuja, wakafundisha somo zima kwa majuma machache, wakaenda zao. Wahenga husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walifanya kazi njema, lakini hawakukaa hata kupewa jembe. Mwanafunzi aliyekuwa na swali baada ya mwezi mmoja hakumwona wa kumwuliza.

Dawa ilikuwa moja tu: kuwakuza walimu wa papo hapo. Katika Kongo kazi hiyo ina ngazi zake. Kijana aliyemaliza masomo vizuri huchukuliwa kuwa asistanti. Bado si profesa. Anakaa chini ya profesa, anaongoza kazi za mikono: kutazama vijidudu kwa hadubini, kupasua mnyama ili kuvijua viungo vyake, kupima udongo, kupanda maharagwe mistari miwili na kulinganisha mavuno. Anasahihisha karatasi za wanafunzi. Akizoea, anapanda ngazi, naye huitwa shefu wa kazi. Halafu anaandika kitabu cha utafiti wake, akipata udaktari anaweza kuwa profesa.

Kazi hiyo si rahisi. Kujua jambo ni kitu kimoja, kumfahamisha mwingine ni kitu cha pili. Asistanti anaweza kujua majina ya mifupa yote, lakini akisema upesi mno wanafunzi wanabaki gizani. Akiulizwa asilolijua, yampasa kulitafuta usiku na kulijibu kesho yake. Hivyo anayefundisha anajifunza mara mbili.

Mwaka 1996 vita viliingia Kivu. Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, aliuawa mwezi wa Oktoba mwaka ule. Mwaka 1997 Kataliko akatumwa kushika mahali pake. Aliwatetea walioonewa pasipo kuogopa. Kwa sababu ya barua yake ya Noeli ya mwaka 1999, wakuu wa waasi walimkataza kukaa Bukavu. Mwezi wa Februari mwaka 2000 akarudishwa Butembo, akakaa huko miezi saba, katika mji wa chuo kilichoanzishwa siku za uaskofu wake. Mwezi wa Septemba akaruhusiwa kurudi Bukavu, watu wakampokea kwa shangwe. Majuma machache tu yakapita, naye akafariki huko Italia, tarehe 4 Oktoba 2000.

Mti aliousaidia kupandwa ulibaki. Kuanzia mwaka 2018 hata 2020 ugonjwa wa Ebola ulishika Beni na Butembo, ukaua watu zaidi ya 2,200. Watu wengi waliwaogopa wageni waliokuja kuwatibu, na wengine hata waliwashambulia. Hapo ilionekana faida ya waganga na wauguzi waliozaliwa na kusomea huko huko, wanaosema Kinande na Kiswahili, na wanaozijua nyumba za wagonjwa.

Mwalimu haokotwi njiani. Hukuzwa polepole, kama mbuni unaopandwa leo na kuchumwa baada ya miaka.

Maswali
1. Kwa nini vijana wengi wa Butembo hawakuweza kusoma chuo kikuu kabla ya mwaka 1989?
2. Asistanti hufanya kazi gani?
3. Eleza: anayefundisha anajifunza mara mbili.
4. Katika kijiji chenu kuna kazi gani inayohitaji mtu mwenye elimu ya viumbe?