STANLEY: Mwindaji aliyetamba Gombe, akabanwa Buha

MASHABIKI wa Simba na Yanga waliofunga safari hadi Kigoma Julai 2021 kuangalia fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam bado wanaikumbuka barabara ile. Simba ilishinda 1-0 pale Uwanja wa Lake Tanganyika, bao la Taddeo Lwanga, lakini safari yenyewe ilikuwa mechi nyingine. Si mchezo kufika Mwisho wa Reli.

Miaka 150 kabla ya fainali ile, yupo jamaa aliyetoka Bagamoyo kwa miguu akaelekea huko huko. Alitumia siku zaidi ya 230. Njiani akaonja kwa mara ya kwanza uwindaji wa wanyama wa mbugani, akajiona mfalme. Wiki chache baadaye akaingia nchi ya Waha, na huko bunduki zake zote hazikumfaa kitu.

Jina lake ni Henry Morton Stanley.

MTOTO ASIYE NA KWAO
Alizaliwa Januari 28, 1841 mjini Denbigh, Wales, akaitwa John Rowlands. Baba hakumlea, mama naye alimwacha. Akiwa na miaka sita hivi alipelekwa St Asaph, kwenye nyumba ya kutunzia maskini, akakulia humo kwa fimbo na uji.

Mwaka 1859 alipanda meli akiwa kijana wa kazi, akashukia New Orleans, Marekani. Huko ndiko alikobadili jina. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza aliingia jeshi la Kusini, akatekwa kwenye mapigano ya Shiloh mwaka 1862, kisha akavaa jezi ya Kaskazini. Ndiyo, alichezea timu zote mbili.

Baadaye akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald. Mwaka 1869 bosi wake, James Gordon Bennett, alimpa kazi moja: amtafute David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti aliyekuwa hajasikika kwa muda mrefu katika bara la Afrika. Pesa haikuwa tatizo.

KIKOSI CHATOKA BAGAMOYO
Stanley alitua Unguja Januari 6, 1871. Alinunua nguo, shanga, waya na bunduki, akakodi watu. Machi 21 aliondoka Bagamoyo na kundi la mwisho la msafara wake, ambao wote kwa pamoja ulikuwa na watu wapatao 190.

Nahodha wa askari wake alikuwa Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akaishi India kabla ya kurudi Afrika. Kwa uzoefu, Bombay alimwacha Stanley mbali sana. Mwaka 1858 alikuwa ameshafika Ziwa Tanganyika pamoja na Burton na Speke. Kwa lugha ya leo, kocha alikuwa mgeni wa ligi na nahodha ndiye aliyeijua.

Siku za mwanzo Stanley alijaribu shabaha yake kwenye viboko wa mto Kingani, ambao leo tunauita Ruvu. Alitumia Winchester yake nyepesi. Risasi zilipiga vichwa barabara, ila viboko wakawa kama wamerushiwa kokoto. Alipochukua bunduki nzito alimpata mmoja, na mnyama yule alikufa kwa maumivu makali hadi Stanley mwenyewe akaona hakuna maana ya kuendelea kuua. Hapo alijifunza somo la kwanza la mwindaji: kulenga ni jambo moja, kuwa na silaha inayofaa ni jambo jingine.

Mambo hayakuwa laini. Farasi walikufa mapema. Wazungu wawili aliokuwa nao, Farquhar na Shaw, nao hawakumaliza safari: mmoja alifia Mpwapwa, mwingine Tabora. Malaria ilimwangusha Stanley mara kwa mara.

MIRAMBO AFUNGA NJIA
Alifika Kwihara, jirani na Tabora, Juni 1871. Kutoka pale njia ya kawaida ilikwenda moja kwa moja hadi Ujiji, lakini Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga kwa vita yake na Waarabu wa Tabora. Stanley akajiunga na Waarabu akidhani ni kazi ya siku mbili. Mirambo aliwachapa, na kila mtu akakimbia kivyake.

Ndipo akaamua kuzunguka. Septemba 20 aliondoka na watu wapatao 50, akashika njia ya kusini. Mzunguko huo ndio uliompeleka kwenye mbuga za mto Gombe.

Msomaji asichanganye. Huu si Gombe ya sokwe iliyoko kaskazini mwa mji wa Kigoma. Ni mto wa huku Unyamwezi, ambao maji yake huishia Malagarasi.

SIKU ZA NYAMA
Mwanzoni mwa Oktoba msafara ulipiga kambi kando ya mto huo. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, maji yamebaki kwenye madimbwi, na wanyama wote wa eneo lile wamesogea. Mbuga zilikuwa wazi, nyasi fupi, miti hapa na pale. Stanley hakuwa amewahi kuona kitu kama kile.

Aliingia porini na wabeba bunduki wake, akawinda kutwa. Hesabu aliyoiandika baadaye ilikuwa nyati wawili, nguruwe pori wawili, kongoni watatu, pundamilia mmoja na swala pala mmoja, ukiacha kanga na ndege wengine. Ilibaki kidogo tu na yeye mwenyewe aingie kwenye hesabu: alipotaka kujitosa mtoni kuoga, alimwona mamba akimsubiri pale pale.

Kwa Stanley ilikuwa starehe ya bwana mkubwa. Kwa wapagazi ilikuwa chakula. Watu waliobeba mizigo toka pwani kwa posho ya nafaka sasa walikaa kuzunguka moto usiku kucha, wakila, wakiimba, wakikausha nyama ya kwenda nayo. Mbele yao kulikuwa na pori refu lisilo na vijiji, na kila mmoja alijua.

Oktoba 7 asubuhi Stanley aliamuru safari. Wapagazi walimtuma nahodha Bombay aombe siku moja zaidi. Stanley akakataa, tena kwa ukali.

BUNDUKI ZAGEUKIANA
Hawakwenda mbali. Mizigo ikashushwa chini, watu wakasimama vikundi vikundi. Waongozaji wawili, Asmani na Mabruki, wakaweka bunduki tayari. Stanley naye akainua yake. Bunduki zilizokuwa zikiua nyati juzi sasa zilielekezwa kwa watu.

Aliyeokoa jahazi ni Mabruki mwingine, yule aliyeitwa Mabruki Speke kwa sababu aliwahi kusafiri na Speke. Alitokea nyuma, akaisukuma bunduki ya Asmani, akamtuliza. Watu wakaomba yaishe. Stanley alikubali, lakini Bombay na mwenzake Ambari walichapwa kwa kushindwa kuwadhibiti wenzao. Nahodha aliyepeleka ombi la timu ndiye aliyekula kadi.

Kombe likinyanyuliwa watu humtaja kocha, na maumivu ya kikosi hubaki vyumbani. Safari hii ilikuwa hivyo hivyo.

UGENINI BUHA
Baada ya Gombe nyama iliisha, na njaa ikawauma kabla ya kufika Uvinza. Mwanzoni mwa Novemba walivuka Malagarasi kwa mitumbwi, na mamba akamnyakua punda aliyeitwa Simba mbele ya macho yao. Ng'ambo ya mto, mbele kidogo, ikaanza Buha.

Wenyeji wa Murungu, Kibondo na Kasulu wanaijua nchi yao: miinuko, mashamba, watu wengi. Stanley alipita ukingo wake wa kusini. Alikuta nchi yenye watemi na utaratibu, na utaratibu wa kwanza ulikuwa hongo. Enzi hizo neno hilo halikuwa na maana ya rushwa. Ulikuwa ushuru wa njia, na mgeni aliyepita na mali alitakiwa kuulipa.

Mtemi mmoja aitwaye Mionvu alitaka doti 100 za nguo. Stanley akachemka. Alitaka kupigana, akawauliza watu wake. Bombay na wenzake wakamwambia kwa akili timamu kwamba uwanja ule ni mweupe, hakuna pa kujificha, na Waha ni wengi. Wakipigana wanakwisha wote.

Yule aliyetamba mbugani alilazimika kusikiliza. Alilipa doti 75. Kituo kilichofuata akadaiwa tena, kisha akaambiwa kuna watemi wengine watano mbele. Akapiga hesabu: angefika Ujiji mikono mitupu.

Ikabidi acheze mchezo wa kujificha. Alimlipa mwongozaji doti 12, na usiku wa manane wakachepuka kijijini, vikundi vidogo vidogo, wakakata porini. Hakuna moto, hakuna risasi, hata kama mnyama anapita mbele ya pua. Mwanamke mmoja wa msafara alipopiga mayowe kwa hofu, alifungwa kitambaa mdomoni. Mwindaji wa Gombe sasa ndiye aliyekuwa akinyata kama swala.

UJIJI NA BAADA YAKE
Novemba 10, 1871, kwa hesabu ya shajara yake, bunduki zilipigwa tena, safari hii za shangwe. Stanley aliingia Ujiji na kumkuta Livingstone mgonjwa, mali yake imekwisha kuibwa. Waliachana Machi 1872. Livingstone alifariki mwaka uliofuata, na Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo.

Stanley akawa staa wa dunia. Alirudi mwaka 1874 na kuvuka bara zima, lakini somo la Buha hakuliweka moyoni. Mwaka 1875 aliwamiminia risasi watu wa kisiwa cha Bumbire, Ziwa Victoria, kulipa kisasi. Kisha akamfungulia njia Mfalme Leopold wa Ubelgiji kule Kongo, ambako aliitwa Bula Matari, mvunja mawe. Mateso yaliyowapata Wakongo chini ya Leopold yanajulikana.

Alifariki London Mei 10, 1904. Bombay, baada ya kuachana naye, alivuka Afrika kutoka pwani hadi pwani na Cameron, akafariki mwaka 1885. Wengi wanaolijua jina la Stanley hawajawahi kulisikia la nahodha wake.

Leo, upande wa Kibondo kuna Pori la Akiba la Moyowosi. Mgeni akitaka kuwinda pale hulipia kibali kwanza, na kila mnyama ana bei yake. Mionvu angeuelewa utaratibu huo bila kuelezwa: mwenye nchi ndiye anayepanga kiingilio.