Alexander Mackay na Deni la Damu ya Ukerewe



Sisi wa Kisorya tukisimama ufukoni tunaiona Ukerewe ng'ambo ya maji. Tunavuka kwenda Rugezi kwa harusi, kwa misiba na kwa biashara ya samaki, na wengi wetu tuna shangazi au mjomba huko. Lakini si wengi wanaokumbuka kwamba mwezi wa Desemba 1877 damu ya wamisionari wa Kianglikana ilimwagika katika kisiwa hicho, na kwamba miezi michache baadaye mwenzao mmoja alivuka maji, bila silaha, kwenda kwa wale wale walioimwaga. Mtu huyo ni Alexander Mackay. Tunaeleza maisha yake kwa sababu yanatusaidia kulipima neno tunalolitamka kila Jumapili, yaani ukombozi.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, naye ndiye aliyemfundisha masomo yake ya kwanza nyumbani. Mama yake alifariki mwaka 1865, Mackay akiwa kijana wa miaka 15. Alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha akasomea uhandisi, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani kufanya kazi ya kuchora mitambo. Hakuwa kasisi, wala hakupata kuwekewa mikono hata mwisho wa maisha yake. Alikuwa fundi aliyempenda Bwana wake.

Mwaka 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya msafiri Stanley, iliyoeleza kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu. Chama cha wamisionari cha CMS kikatafuta watu, na Mackay akajitoa. Walikuwa wanane, naye alikuwa mdogo kuliko wote. Siku ya kuagana aliwaambia wakubwa wa chama wasishangae wakisikia katika muda wa miezi sita kwamba mmoja wao amekufa. Ikawa hivyo. Waliondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1876, na mwezi wa Agosti wa kwanza wao alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mackay mwenyewe aliugua njiani, akarudishwa pwani. Hakukaa bure. Mwaka 1877 alisimamia kazi ya kukata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, zaidi ya kilomita 350, kwa mashoka na majembe. Wenzake walitangulia ziwani. Daktari John Smith alifia Kagei, upande wa Usukuma. Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill walikuwa Ukerewe mwaka huo ulipokuwa ukiisha.

Wakati huo mtemi wa Ukerewe alikuwa Lukonge. Ukatokea ugomvi kati yake na mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Songoro, ambaye wamisionari walikuwa na shughuli naye ya jahazi. Songoro akawakimbilia wamisionari, nao hawakukubali kumtoa. Mapigano yakazuka. Songoro akauawa, na Smith na O'Neill wakauawa, pamoja na watu wao wengi. Hivyo katika muda wa mwaka mmoja na nusu wanne kati ya wale wanane walikuwa wamekufa, na wawili katika hao kwa mkono wa watu.

Ndugu, hapa ndipo tunapoomba tusimame kidogo. Sisi watu wa Mara tunajua damu iliyomwagika inadai nini. Tunajua habari za kisasi, na tunajua jinsi wazee walivyokaa kutwa nzima wakihesabu ng'ombe wa fidia. Wazungu wa siku zile nao walikuwa na desturi yao ya kudai damu kwa bunduki. Mackay alipofika Kagei mwezi wa Juni 1878, watu wengi waliona neno moja tu limebaki, ni lini Ukerewe italipa.

Mackay alichagua njia nyingine. Alivuka kwenda kwa Lukonge, wala hakuchukua silaha. Alikaa naye, wakazungumza, na mtemi akaeleza kwamba aliyemkusudia ni Songoro. Wakafanya mapatano ya amani, Mackay akarudi salama. Hakudai kichwa cha mtu, wala hakudai ng'ombe.

Baadaye yeye na mwenzake Wilson waliifufua boti yao kuukuu, Daisy. Njiani dhoruba ikaivunja, wakaunga tena walichoweza kuunga, na mwezi wa Novemba 1878 wakafika Buganda. Huko Mackay alifua chuma, alipiga chapa, alitafsiri Injili, na alifundisha watoto kusoma, hata watu wakamwita Mzungu wa Kazi. Watu watano wa kwanza walibatizwa Machi 1882. Mutesa akafa mwaka 1884, akatawala Mwanga, na tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto. Lugalama alikuwa mtoto aliyetekwa vitani, kisha akalelewa na wamisionari. Mackay alihangaika kuwaombea asifanikiwe. Mwaka huo huo Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwaka 1886 Wakristo wengi wakachomwa Namugongo. Mackay alibaki mpaka alipofukuzwa mwaka 1887, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa letu hili. Huko aliendelea na kutafsiri Injili ya Yohana, akaanza na kuunda boti mpya. Homa ikamchukua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Tangu aondoke mwaka 1876 hakuwa amerudi kwao hata mara moja. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe.

Hatusemi kwamba Mackay alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na ugomvi wake na mapadre wa Kikatoliki mbele ya Mutesa haukulipatia jina la Kristo heshima. Naye pia alikuwa mwenye dhambi aliyehitaji kukombolewa.

Basi, kukomboa ni nini? Mtu akiweka shamba lake rehani, shamba halirudi kwa maneno matamu. Analikomboa kwa kulipa. Kwa hiyo ukombozi haumaanishi kwamba deni halikuwapo. Damu ya Smith na O'Neill ilikuwa damu kweli, na mama zao walilia kweli. Mackay aliposamehe, gharama haikupotea hewani. Aliibeba yeye na wenzake, wakazika watu wao bila kulipwa.

Jambo la pili, Lukonge hangeweza kuvuka kwenda Kagei. Mwenye hatia huogopa. Ikiwa amani itapatikana, lazima aliyekosewa ndiye aingie mtumbwini kwanza. Ndivyo Mtume Paulo anavyowafundisha Warumi katika sura ya tano: hatukungojwa mpaka tuwe wema. Mungu, aliyekosewa na sisi sote, alikuja mwenyewe katika Mwanawe tukiwa bado adui zake.

Lakini mfano wetu una mwisho wake. Mackay alirudi Kagei hai. Bwana wetu alipovuka kuja kwetu tulimuua, na kwa kifo hicho hicho akalipa. Tena Mackay aliweza kuacha kisasi, lakini hakuweza kuuosha moyo wa Lukonge, wala wa kwake mwenyewe. Hiyo ni kazi ya Msalaba peke yake.

Sisi wenyewe tulilifundisha somo hili miaka mingi kama hesabu ya tarehe, na mtoto aliyekosea mwaka tulimchapa. Na katika siku hizo tulikuwa hatusalimiani na mwalimu mwenzetu mmoja kwa muda wa miaka saba. Alikuwa ametusemea vibaya kwa wakubwa, tukahamishwa. Tulisema tunamngoja aje kuomba radhi. Hakuja. Jioni moja tukisahihisha madaftari tulikuta mtoto ameandika kwamba Mackay alikwenda Ukerewe kwa sababu Lukonge aliogopa kuja. Neno hilo hatukuwa tumelifundisha. Tulimpa alama zake zote, tukafunika madaftari.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa yule mwenzetu. Alipotuona mlangoni alishtuka, akadhani tumeleta habari ya msiba. Tulikula pamoja, na kabla hatujaondoka alilia. Sasa amekwisha kulala katika Bwana, na tunamshukuru Mungu kwamba hatukuchelewa kwenda.

Ndugu msomaji, labda yuko mtu ng'ambo ya maji, au ng'ambo ya mpaka wa shamba tu, ambaye ni kweli alikukosea. Nawe unangoja avuke. Kabla hujakaribia meza ya Bwana tena, kumbuka ni nani aliyevuka kuja kwako, na kwa gharama gani. Kisha tafuta mtumbwi.