Seroney: Naibu Spika aliyelipia uhuru wa Bunge

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Oktoba 1975, mjadala ukiendelea katika Bunge la Kenya jijini Nairobi, mbunge wa Butere, Martin Shikuku, alidai kwamba wapo watu waliotaka kuliua Bunge kama ilivyouawa KANU, chama kilichokuwa kikitawala. Upande wa serikali ulimtaka athibitishe dai hilo. Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa akiongoza kikao, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa.

Siku chache baadaye, polisi waliingia katika viwanja vya Bunge na kuwakamata wote wawili. Waliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Kwa kitendo hicho, serikali yenyewe ilitoa uthibitisho uliokuwa ukidaiwa.

Seroney, mzaliwa wa Nandi katika Bonde la Ufa, alisoma katika shule ya Alliance na Chuo cha Makerere, kisha akaendelea na masomo ya juu India na Uingereza na kurejea akiwa mwanasheria. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1961 kwa tiketi ya KADU. Chama hicho kilipovunjwa mwaka 1964 na wanachama wake kuhamia KANU, alihama nao, lakini hakuuacha msimamo wake. Mwaka 1969 aliongoza Tamko la Nandi Hills, lililodai kuwa ardhi ya Nandi ni mali ya Wanandi, na kuikasirisha serikali ya Rais Jomo Kenyatta.

Baada ya chama cha upinzani cha KPU kupigwa marufuku mwaka huo huo, Bunge lilibaki na chama kimoja. Mawaziri na wasaidizi wao, ambao wote waliteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa wabunge, walitakiwa kuunga mkono serikali katika kila kura. Kazi ya kuihoji ikaachiwa wabunge wasio na vyeo. Ndio waliomtaka Seroney, mjuzi wa sheria na kanuni za Bunge, na mwezi Februari 1975 akawa Naibu Spika.

Mtihani mkubwa haukuchelewa. Mwezi Machi mwaka huo, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J.M. Kariuki, aliuawa. Bunge likaunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale kuchunguza mauaji hayo. Ripoti ilipowasilishwa mwezi Juni, serikali ilitaka Bunge liipokee tu bila kuiidhinisha, lakini ikashindwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu, walioipinga serikali katika kura hiyo, walifutwa kazi.

Bunge lilikuwa limeonyesha kwamba linaweza kuchunguza, lakini halikuwa na uwezo wa kuwalinda waliochunguza wala waliosema. Miezi minne baadaye Seroney alikuwa kizuizini. Mwaka 1977 mbunge mwingine, George Anyona, naye alikamatwa katika viwanja vya Bunge.

Seroney aliachiliwa Desemba 12, 1978, baada ya Rais Daniel arap Moi kushika madaraka kufuatia kifo cha Kenyatta. Alifariki dunia mwezi Desemba 1982, miezi michache baada ya Katiba kurekebishwa na kuifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria.

Hakuishi kuona marekebisho ya mwaka 1999, yaliyotokana na muswada wa mbunge Peter Oloo Aringo, ambayo yaliunda Tume ya Huduma za Bunge na kulipa Bunge mamlaka juu ya wafanyakazi na bajeti yake. Wala hakuona Katiba ya mwaka 2010, iliyowatoa mawaziri bungeni na kuweka bayana uhuru wa kusema ndani ya Bunge.

Wafanyakazi, bajeti na kamati ni nyenzo za lazima kwa Bunge lolote linalotaka kuisimamia serikali. Hata hivyo, maisha ya Seroney yanafundisha kwamba nyenzo hizo hazina faida iwapo mbunge anaweza kukamatwa kwa sababu ya neno alilolisema akiwa kitini.