Simeoni Nsibambi, mlokole aliyeanza na moyo wake mwenyewe

Neno mlokole tunalisikia kila siku hapa Lyulilo, Matema hadi Kyela mjini, mara nyingine kwa utani. Limetoka Uganda. Kwa Kiganda, abalokole ni watu waliookolewa, na mmoja wa waliowasha moto huo ni Simeoni Nsibambi.

Alizaliwa mwaka 1897 huko Buganda, baba yake akiwa chifu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumika katika kikosi cha tiba, kisha akaajiriwa idara ya afya. Mshahara alikuwa nao, na heshima pia. Alichotamani sana ni kupelekwa ng'ambo kusoma, na nafasi hiyo akaikosa. Mwingine angebaki kuwalaumu wakubwa. Nsibambi aliumia, lakini mwaka 1922 aliugeuzia moyo wake swali, akaona kuwa masomo ya ng'ambo alikuwa ameyaweka juu ya uzima wa milele.

Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa ya Rwanda. Wakakaa pamoja kusoma Biblia na kuomba. Baada ya hapo Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akawa anamfuata mtu mmoja mmoja na kumuuliza habari za wokovu wake. Wapo waliodhani amerukwa na akili.

Walokole walikuwa na desturi ya kutoliacha wazo baya lipite hivihivi. Wivu, hasira au majivuno yakiingia moyoni, mtu aliyatazama, akayataja kwa jina lake na kuyaungama siku hiyohiyo, kabla hayajaota mizizi. Mfikirie mama anayenunua chungu cha Wakisi pale sokoni kwetu: hukigonga kwa kidole na kusikiliza mlio, maana kuna ufa usioonekana kwa macho. Na ufa ukionekana, kulikuwa na kazi ya kufanya. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakaenda kuomba radhi kwa majirani.

Mdogo wake, Blasio Kigozi, mwalimu huko Gahini, Rwanda, alijifungia siku kadhaa peke yake mwaka 1935 akiomba na kujichunguza. Akatoka na bidii iliyowashangaza wenzake. Januari 1936 homa ikamuua, akiwa bado kijana.

Tunavyoona sisi, ugumu wa njia hii ni kwamba ni rahisi kuacha moyo wako ukaanza kukagua wa jirani. Baadhi ya walokole waliwanyooshea vidole wachungaji wao hadharani. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha teolojia cha Mukono, baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri na mahubiri. Hata hivyo wengi wao hawakuanzisha dhehebu jipya. Walibaki Waanglikana, na Nsibambi pamoja nao.

Uamsho huo ulivuka mpaka na kuingia Tanganyika kupitia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930.

Nsibambi mwenyewe hakuwa mtu wa majukwaa. Afya yake ilipodhoofika alikaa nyumbani kwa miaka mingi, na watu wakawa wanamfuata huko. Aliyedhani amekwenda kumjulia hali mgonjwa alijikuta yeye ndiye anaulizwa hali ya moyo wake. Alifariki mwaka 1978.