Frances Perkins: Aliwapa Wamarekani pensheni, mwenyewe akafanya kazi hadi kufa

Hapa Pwani tunawajua wazee wa aina mbili. Yuko mwalimu mstaafu anayepokea pensheni yake, na yuko mvuvi wa miaka 70 anayeingia baharini kila alfajiri kwa sababu asipokwenda, jioni hakuna kitoweo. Tofauti ya wazee hawa wawili ndiyo iliyomshughulisha Bi Frances Perkins.

Alizaliwa Boston, Marekani, mwaka wa 1880. Machi 25, 1911, akiwa New York, aliona kwa macho yake kiwanda cha nguo cha Triangle kikiteketea, na wasichana wakijirusha kutoka madirishani. Watu 146 walikufa. Tangu siku hiyo, haki za wafanyikazi zikawa ndiyo kazi yake.

Mwaka wa 1933 Rais Franklin Roosevelt alimteua Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo. Uchumi ulikuwa umeanguka, benki nyingi zimefunga, na wazee waliojiwekea akiba wamebaki mikono mitupu. Perkins aliongoza kamati iliyoandaa sheria ya hifadhi ya jamii, iliyotiwa sahihi Agosti 14, 1935. Mfanyikazi alikatwa kidogo, mwajiri akaongeza kiasi hicho hicho, na aliyetimiza miaka 65 alilipwa kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Malipo ya kila mwezi yalianza 1940.

Hata hivyo, sheria ile ilikuwa na tundu. Vibarua wa mashambani na wafanyikazi wa nyumbani, wakiwemo watu weusi wengi, waliachwa nje. Iliwabidi kungoja hadi miaka ya 1950.

Perkins mwenyewe hakupumzika. Mumewe, Paul Wilson, aliugua maradhi ya akili kwa miaka mingi, na mzigo wa nyumba ukawa wake. Aliondoka wizarani 1945, akahudumu katika tume ya utumishi wa umma hadi 1953, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Cornell. Alifariki Mei 1965 akiwa na miaka 85, bado anafundisha.

Mwaka huo huo wa 1965, Kenya ilianzisha NSSF. Lakini tundu lile lile liko kwetu hadi leo. Mvuvi, mama wa mahamri na kijana wa mkokoteni, wengi wao hawana mchango wowote.

Kufanya kazi uzeeni si aibu kwa mwenye afya na hamu yake. Ubaya ni kulazimika. Wahenga walisema akiba haiozi, na ni kweli. Ila anayepata cha leo akala leo, tena hana mwajiri wa kumwongezea, ataiweka vipi peke yake? Viongozi wetu wakija kuomba kura, tuwaulize hilo.