Imam Ghazali na Siku Ulimi Wake Ulipokataa

Muhula uliopita nilisimama mbele ya darasa kuwasilisha kazi yangu ya fiqhi, kurasa kumi na moja mkononi. Mhadhiri akaniomba niziweke mezani nieleze kwa maneno yangu mwenyewe. Sikuweza. Nilisimama kimya kama dakika mbili hivi, kisha nikarudi kukaa. Wiki hiyo hiyo tulikuwa na semina, na mtoa mada akatuhimiza kila mmoja ajijengee jina mapema, aweke picha nzuri mtandaoni na ajitambulishe kama mtaalamu hata kabla hajahitimu. Nilitoka pale nimechanganyikiwa zaidi. Ndipo nikaanza kusoma maisha ya mtu mwenye jina ambalo hakuna mwanafunzi wa dini asiyelijua: Abu Hamid al-Ghazali, Hujjatul Islam.

Alizaliwa Tus, katika Khurasan, Iran ya leo, mwaka 1058 (450 Hijria). Baba yake alifariki yeye na mdogo wake Ahmad wangali watoto, akawaacha kwa rafiki yake, mcha Mungu asiye na mali. Akiba ilipokwisha, mzee yule akawashauri waingie madrasa, kwa kuwa huko wanafunzi walipewa chakula. Sisi tunaopanga foleni ya posho na maharage tunaielewa sana sababu hiyo.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu yake ambacho kilinigusa pabaya. Alikwenda kusoma Jurjan, akarudi na mfuko wa madaftari. Njiani wakavamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu. Ghazali akawafuata nyuma, akamsihi mkubwa wao amrudishie yale makaratasi tu, kwani ndiyo elimu yake aliyoihangaikia. Yule mtu akacheka. Akamuuliza ni elimu gani hiyo anayoweza kuporwa na mwizi akabaki hana kitu. Alirudishiwa madaftari yake, lakini alipofika nyumbani alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote. Nilipofika hapo nilizikumbuka kurasa zangu kumi na moja.

Kutoka hapo akaenda Nishapur kwa Imamul Haramayn al-Juwayni, akabaki naye mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085. Kisha akajiunga na kambi ya waziri Nidhamul Mulk, mahali ambapo wanazuoni walikutana na kushindana kwa hoja mbele ya wakubwa. Huko ndiko jina lake lilikopaa. Mwaka 1091, akiwa na miaka kama 33, waziri alimteua kufundisha Nidhamiyya ya Baghdad, madrasa kubwa kabisa ya zama zake. Walimsikiliza wanafunzi wapatao 300. Alipotaka kuwajibu wanafalsafa, hakuanza kwa kuwashutumu. Alisoma vitabu vyao peke yake, katika saa alizozipata baada ya kufundisha na kuandika, kwa muda usiofika miaka miwili, akaongeza karibu mwaka mmoja wa kuyatafakari aliyoyasoma. Kwa maoni yake, hakuna anayeweza kuonyesha ubovu wa elimu fulani mpaka aijue kama wenyewe wanavyoijua. Kitabu cha Tahafut kilikuja baada ya kazi hiyo.

Sasa mtu huyu, mwenye kila kitu tulichoambiwa kwenye semina tukitafute, mwaka 1095 alijiuliza anafundisha kwa ajili ya nani. Akajibu kwa ukweli mchungu kwamba kinachomsukuma ni cheo na sifa. Karibu miezi sita alivutwa huku na huku. Asubuhi anaazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Mwishowe ulimi ukafungwa. Alijitahidi kufundisha japo siku moja kuwaridhisha wanafunzi wake, lakini hakuweza kutamka neno. Chakula kikakataa kushuka. Matabibu wakasema ugonjwa huu umetoka moyoni, hawana dawa yake.

Wapo wanaosema aliogopa siasa tu, maana Nidhamul Mulk aliuawa mwaka 1092 na Baghdad haikuwa salama kwa watu wake. Inawezekana hofu ilikuwepo. Mimi nayaamini aliyoyaandika mwenyewe, kwa sababu ni vigumu mtu kujizushia aibu kama ile.

Aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatangaza anakwenda Makka ili asizuiwe, na kumbe safari ni ya Sham. Darasa likashikwa na Ahmad. Damascus alijifungia katika mnara wa msikiti mkuu mchana kutwa. Akafika Baitul Maqdis, na huko Al-Khalil, kwenye kaburi la Nabii Ibrahim, akaahidi mambo matatu: hatapokea mali ya mtawala, hatakwenda kwenye baraza lake, wala hatabishana mbele ya watu. Kisha akahiji. Katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipoandika Ihyaa, kitabu tunachokiheshimu wengi wetu huku Uganda tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi, madhehebu yake.

Mwaka 1106 alirudi darasani Nishapur kwa kuombwa sana. Abdul Ghafir al-Farisi, aliyemjua tangu zamani kuwa mwenye majivuno na dharau, alidhani mwanzoni ule unyenyekevu ni wa kuigiza. Alimchunguza, akakiri kwamba mtu amebadilika kweli. Miaka ya mwisho Ghazali alikuwa kwao Tus. Hadithi haikuwa fani yake ya nguvu, basi akakaa tena kama mwanafunzi kusoma Bukhari na Muslim, akiwa tayari imamu anayejulikana kila mahali. Alifariki mwaka 1111.

Mhadhiri amenipa nafasi nyingine, Jumatano ijayo. Mada ni ile ile, na kila usiku baada ya Isha namweleza mwenzangu wa chumbani bila kutazama karatasi. Jana nilikwama mara nne. Kurasa zangu nitaziacha hosteli. Niombeeni dua.